Mzee abaki nyumbani kwake au aende makao ya wazee? Hesabu ianze saa nane za usiku

Kikao chetu cha kwanza kilifanyika sebuleni kwa Mama, Mombasa, siku tatu baada ya kutoka hospitali. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Kaka wa Nairobi alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, shangazi ameshika birika, na neno lililorudiwa ni moja: Mama hawezi kupelekwa kule. Kila mtu aliitikia. Chai ikanywewa, viatu vikavaliwa mlangoni, na hakuna aliyekuwa amesema ni nani atakayelala chumbani kwake usiku ule.

Nililala mimi. Mama alibaki nyumbani kwake miaka minne, hadi mwisho. Katika muda huohuo mjomba, mdogo wake, ambaye watoto wake wawili wako ng'ambo, aliishi kwenye makao ya kulipia pembezoni mwa Nairobi. Nimebadilisha shuka huku na nimetia sahihi kitabu cha wageni kule. Hapakuwa na aliyekosea kati yetu, ila kila upande ulikuwa na mambo ambayo tungeambiwa mapema tungejipanga vizuri zaidi.

Tuelewane kwanza juu ya neno "makao", maana watu hulitumia kwa vitu viwili tofauti. Yapo ya serikali na ya mashirika ya dini, yaliyowekwa kwa ajili ya wazee wasio na mtu wala kipato. Tanzania yako makazi kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto huko Shinyanga na Njoro, Kilimanjaro. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Nairobi masista wa Little Sisters of the Poor wanaendesha Nyumba ya Wazee, Kasarani. Mzee mwenye watoto wanaofanya kazi si yeye aliyekusudiwa huko, na kumpeleka ni kumnyima nafasi asiye na mtu. Halafu yapo makao ya binafsi, ya kulipa kila mwezi, ambayo yameongezeka Nairobi na viunga vyake. Kwa familia nyingi zinazosoma hapa, uchaguzi ni kati ya haya ya pili na nyumba ya mzee mwenyewe.

Nitavipima vyote viwili kwa mambo sita: usiku, stara, dawa na mwili, fedha, watu wa kuzungumza nao, na nani anamkagua anayemtunza. Usiku nimeutanguliza kwa makusudi.

Usiku

Mchana kila nyumba ina watu. Jirani anapita, mjukuu anarudi shule, fundi anagonga. Mzee huanguka saa nane za usiku akienda msalani, taa imezimwa, ndala moja imebaki chini ya kitanda.

Nyumbani, usiku ni wa yule uliyemwajiri au ni wako. Tulikuwa na dada mmoja wa kazi, mpole, Mama alimpenda. Alikuwa anaamka alfajiri, anafua, anapika, anamwogesha Mama, anamlisha. Ikifika usiku alilala kama gogo, na nani wa kumlaumu? Mama aliita mpaka akachoka, akajaribu kwenda peke yake. Tulimkuta sakafuni, mkono mzuri umeshika mguu wa meza. Hakuvunjika, tulishukuru, na siku ile ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzoni. Wiki ina saa 168. Kanuni za mishahara za Kenya zinahesabu wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52 kwa siku sita, na sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika saba. Mzee asiyeweza kuachwa peke yake anahitaji zaidi ya watu watatu. Mkisema "tumeweka msichana", jueni mmejaza chini ya theluthi ya wiki. Saa zilizobaki zina jina la nani?

Makao hufanya kazi kwa zamu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: aliye macho usiku alilala mchana. Chumbani kwa mjomba kulikuwa na kengele kando ya mto. Lakini kengele ni sauti tu. Uliza wahudumu wangapi wanabaki usiku na kwa wazee wangapi, na usiridhike na jibu la ofisini saa nne asubuhi. Omba kwenda saa tatu usiku. Nilipokwenda mimi, wahudumu wa mchana walikuwa sita na wa usiku wawili, jengo lina ghorofa mbili. Si vibaya, ila ilinionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kile nilichoonyeshwa mchana huondoka na magari ya jioni.

Stara

Hili halizungumzwi kwenye vikao, na ndilo linalovunja mipango mingi. Nani atamwogesha?

Nyumbani tunadhani damu inarahisisha. Mara nyingi inatatiza. Kaka yangu angempa Mama figo yake, lakini kumvua nguo hakuweza, na Mama asingekubali. Mke wa kaka kumwogesha baba mkwe, katika jamii zetu nyingi, ni jambo lisilosemeka. Kwa hiyo "sisi watoto tuko watano" huishia kuwa binti mmoja, yule asiyeolewa au anayeishi karibu. Huyo mhesabuni mapema, na mwulizeni kabla ya kumpangia.

Kwa mgeni aliyefunzwa mambo huwa mepesi kuliko tunavyodhani. Mjomba, aliyekuwa karani wa bandari na mwenye heshima zake, aliogeshwa na kijana wa makao. Nilimwuliza kama haoni tabu. Akaniambia, "Afadhali huyu, sitakaa naye matanga." Lakini si makao yote yenye wahudumu wa kiume wa kutosha, na yako ambayo mwanamke wa zamu huwaogesha wote, wake kwa waume. Kama mzee wako ni mtu wa swala na hilo kwake ni zito, lisemwe siku ya kwanza na liandikwe. Nyumbani unamchagua anayemgusa, na kwa hilo nyumba inashinda, mradi umempata wa kumchagua.

Dawa na mwili

Mzee anayetembea na kujilisha mwenyewe hahitaji mengi: mtu wa kumkumbusha vidonge vya presha, chakula cha mwenye sukari, kitambaa kisichoteleza msalani. Kazi inabadilika sura akishakuwa wa kitandani. Lazima ageuzwe karibu kila saa mbili, la sivyo ngozi ya kiunoni na visigino inaanza kuwa nyekundu, kisha inafunguka, na kidonda cha kulala kikishaingia ndani hakiponi kwa mafuta ya nazi. Alishwe akiwa ameketi wima, uji mzito kidogo kuliko maji, maana koo lililolegea hupeleka chakula kwenye mapafu. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua. Bega huchomoka kirahisi.

Haya nilifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa saa moja, na yalinifaa kuliko vyeti vyote nilivyoonyeshwa baadaye. Maana tulipita pia ofisi moja mjini inayotafutia watu wasaidizi. Aliyeletwa alikuwa na cheti kizuri chenye muhuri. Wiki ya pili Mama alikuwa na kizunguzungu hawezi kuinua kichwa. Nilimpa vidonge vyake saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini. Msaidizi naye alimpa vilevile saa tatu, kwa nia njema kabisa. Kosa halikuwa la cheti. Hatukuwa na daftari. Siku hiyohiyo nilinunua kaunta buku, likafungwa kamba kwenye mguu wa kitanda: saa, dawa, presha, amekula nini, amekwenda haja au la, nani ameandika. Anayebaki na mzee nyumbani na asinunue kitu kingine chochote, anunue hilo.

Makao mazuri yana daftari kama hilo tayari, yana nesi wa kuliandika, na yana watu wawili wa kumwinua mzee bila kumvuta mkono. Kwa mwili ulioelemewa hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake uko kwenye kile kisichoandikwa. Mama akinyamaza zaidi ya kawaida nilijua tumbo linamsumbua. Mhudumu aliyeanza zamu jana angeona mzee mtulivu. Tena uliza akiugua anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani, na nani anakaa naye foleni. Makao mengi hupiga simu, na anayepigiwa simu ni wewe. Michango ya SHA, bima ya afya ya taifa ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iendelee kulipwa hata kama mzee yuko makao, na ada ya makao msiipange kwa fedha ya bima.

Fedha

Watu huniuliza kipi rahisi. Inategemea umehesabu nini.

Kima cha chini cha msaidizi wa nyumbani kwa miji mikubwa ya Kenya, kilichowekwa Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Watatu ni 48,341.25, kabla ya NSSF, tozo ya nyumba, chakula chao na likizo ya siku 21 kwa mwaka ambayo lazima mtu mwingine aizibe. Aliyesomea unesi atataka zaidi. Juu yake weka nepi za watu wazima, glavu, godoro la kuzuia vidonda, kiti cha magurudumu. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia wazee na wasiojiweza, kwa mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa, zinanunua nepi za siku chache. Familia nyingi haziajiri watatu. Zinaajiri mmoja, na zamu mbili zilizobaki zinatoka kwenye usingizi wa binti yule yule. Kama binti huyo ameacha kazi, mshahara aliouacha ni gharama ya nyumbani. Uandikeni.

Makao yana bili moja, na unafuu wake ni kwamba inajulikana. Lakini soma karatasi hadi chini. Nepi zimo? Dawa? Mazoezi ya viungo? Amana ya kuingia inarudishwa? Ada inapanda mzee akiacha kutembea? Ya mjomba ilipanda alipoanza kulishwa, na watoto wake waliona ni wizi mpaka nilipowaonyesha kifungu walichokisaini wenyewe.

Na nyumba inayoachwa nayo ni hesabu. Ikifungwa, Pwani hii, chumvi inakula mabati na mchwa unakula milango. Ikikodishwa, inasaidia kulipa. Ikikaa tupu, ndugu wanaanza kuipima kwa macho.

Watu wa kuzungumza nao

Nyumbani Mama alikuwa na dirisha lake. Alijua muuza mahamri kwa kikohozi chake. Mabibi wa mtaani waliingia bila hodi, wakakaa kitandani, wakamsema kila mtu mpaka akacheka upande mmoja wa uso. Hakuna ada inayonunua hayo. Lakini nimeziona nyumba nyingine: mzee kwenye fleti ghorofa ya nne, watoto kazini, televisheni inaongea peke yake na msaidizi yuko balkoni na simu. Huyo yuko nyumbani kwa anwani tu.

Mjomba alitufundisha kinyume chake. Akiwa peke yake nyumbani kwake Tudor, Mombasa, alikuwa amefikia kula mkate na chai mara tatu kwa siku. Makao alipata mzee mwenzake wa kucheza naye bao na wa kubishana naye habari za saa moja. Alinenepa. Kilichomwuma ni lugha na sahani. Wengi mezani walizungumza Kikuyu, githeri ilikuja mara kwa mara, na wali wa nazi aliuona Idi, nilipoubeba kwenye treni. Kwa mzee anayeanza kusahau hili ni zito zaidi, kwa sababu lugha za ukubwani huweza kupotea mapema na akabaki na ile ya utotoni. Mgiriama aliyerudi kwenye Kigiriama anahitaji mtu anayekisikia.

Na nguo huchanganywa. Siku moja nilimkuta mjomba amevaa sweta lenye jina la mzee mwingine shingoni, na meno yake ya bandia yako kwenye kikombe cha chumba cha pili. Tulicheka. Shoneni majina kwenye nguo, hata soksi.

Nani anamkagua anayemtunza

Makao hukaguliwa kwa macho yako kuliko kwa cheti kilichoning'inizwa mapokezi, ingawa cheti nacho kiombe. Nenda bila taarifa. Nusa korido. Tazama kucha za miguu, maana mikono husafishwa kwa ajili ya wageni. Makao yanayokuruhusu kuja siku moja tu ya wiki, saa mbili tu, yaache.

Nyumbani hakuna anayekagua kabisa, nasi huona ndiyo uzuri wake. Kwa wengi ni kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata huduma kutoka kwa jamaa na Serikali. Isingehitaji kuandikwa kama kila jamaa angekuwa salama. Kilifi, wazee wameuawa na watu wao kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba. Ndiyo maana kuna kimbilio la Kaya Godoma huko Ganze, kwa wazee waliokimbia nyumba zao. Hayo ni ya mbali na familia yako, sawa. Lakini mjukuu mwenye PIN ya simu ya bibi si wa mbali. Nyumbani pia awepo mtu mmoja wa nje ya ule mzunguko, shangazi au jirani, anayeingia bila kupiga simu na kulisoma daftari.

Kwa hali yako

Mzee ana akili timamu, anatembea hata kwa mkongojo, na mtaa wake unamjua: abaki. Weka mtu wa mchana, taa inayowaka usiku kucha, vyuma vya kushika msalani, choo cha kukaa badala ya cha kuchuchumaa. Pitieni mpango upya kila baada ya anguko au kulazwa.

Mzee ni wa kitandani na anahitaji watu wawili kumgeuza: kama mna wawili wa kweli, usiku na mchana, nyumbani panawezekana, sisi tulifanya, kwa wasaidizi wawili wa kulipwa, mimi, na shangazi aliyehamia. Kama mna mmoja, tafuteni makao yenye nesi wa usiku kabla kidonda hakijawatafutia.

Anasahau na anatoka nje usiku: uwanja wenye ukuta, geti na jamaa wengi huweza kumbeba. Fleti haiwezi, wala nyumba iliyo kando ya barabara kuu. Makao mtakayochagua yawe yenye mtu wa lugha yake.

Kumhamishia kwa mwanawe mjini si "nyumbani" wala si makao, na mara nyingi kunachukua ubaya wa vyote viwili: mtaa ameupoteza na zamu hakuzipata. Kunafaa pale kuna mtu anayeshinda nyumbani, na mzee ana chumba cha chini chenye msala karibu.

Hana mtu: anzieni ofisi ya ustawi wa jamii ya eneo lenu, kisha parokia au msikiti. Huko ndiko yale makazi ya wasio na mtu yanakopatikana.

Watoto wako Muscat, London au Minneapolis: fedha mnayo pengine, macho hamna. Kabla ya kuchagua upande wowote, mtajeni jamaa mmoja anayeweza kufika ndani ya saa moja, na mlipeni nauli na muda wake bila kuona haya. Mjomba alikuwa na mimi, niliyekaa mwendo wa usiku kucha kwa basi, na mara mbili nilichelewa.

Mzee mwenyewe hataki kwenda: basi haendi kwa hila. Tumeona wazee waliodanganywa kwamba wanapelekwa kliniki. Mjomba aliambiwa ukweli: mwezi mmoja, nyumba ya Tudor haikodishwi, ufunguo anakaa nao yeye. Alikaa nao mfukoni mwa koti miezi mitatu. Mwezi wa nne alinikabidhi, akaniambia nikatazame lile bati la jikoni kabla ya masika.